Tanga 1964: Mavuno ya Bei Iliyokwisha Kupita

Ukiuliza kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, mjini Tanga, ni kitu gani kiliua mkonge, jibu hutoka kabla kikombe hakijajaa: mashamba yalitaifishwa, waliokuwa wakiyajua wakaondoka, na mambo yakaishia hapo. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na nitalirudia, lakini tarehe hazilikubali. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ikachukuliwa na serikali Oktoba mwaka huohuo. Mwaka ambao nchi ilizalisha singa, yaani nyuzi za mkonge, nyingi kuliko mwaka wowote kabla au baada yake ni 1964, zaidi ya tani 230,000, wakati hakuna nchi nyingine duniani iliyoifikia kwa zao hilo. Na ni katika mwaka huo wa 1964 bei ilipoanza kuporomoka. Ilipofika 1966, pamba na kahawa zote mbili zilikuwa zimekwisha kuupita mkonge kwa thamani ya mauzo ya nje, na hakuna shamba hata moja lililokuwa limetaifishwa. Kisa ninachotaka kukichambua ni hicho: ilikuwaje zao lililokuwa nguzo ya biashara ya nje ya nchi nzima lifike kileleni mwaka uleule ambao soko lilianza kuligeuzia mgongo?

Kuna jambo moja la shambani ambalo vitabu vingi vya uchumi hulipita haraka. Mkonge ni mmea usio na haraka. Mche hukaa kitaluni mwaka mmoja au zaidi, kisha ukishapandwa shambani hungojwa miaka mitatu hivi kabla jani la kwanza halijakatwa, na baada ya hapo hukatwa tena na tena kwa miaka kadhaa mpaka siku utakapochomoza mlingoti. Mlingoti ukishatoka, mmea umemaliza kazi yake. Unatoa miche yake juu, unanyauka, na kilichobaki ni mti wa kujengea banda la kuku. Kwa hiyo anayeamua leo kupanda mkonge anaamua kwa bei ya leo, lakini ataanza kuuza kwa bei ya miaka minne ijayo, na ataendelea kuuza kwa bei za miaka kumi na kitu ijayo ambazo hakuna anayezijua. Mkulima wa pamba wa Shinyanga akiona bei imemuumiza msimu huu, msimu ujao anaweza kupanda mtama. Mwenye shamba la mkonge la Pongwe au Mombo hana mlango huo wa kutokea, kwa sababu ardhi imeshikwa, kambi za wafanyakazi zimejengwa, reli ndogo ya kubebea majani imetandazwa, na korona, mashine ya kukwangua majani ili kutoa singa, imesimama ikidai kulishwa.

Korona yenyewe yafaa ielezwe, maana ndiyo iliyopanga maisha ya mkoa huu kwa miaka mingi. Jani likishakatwa lazima lipitishwe mashineni ndani ya siku moja au mbili, la sivyo linakauka na singa zake hazitoki safi. Majani hutandazwa kwenye mkanda yakiwa yamelala ubavu, yanaingia kwenye magurudumu yenye visu butu yanayoyaponda na kuyakwangua huku maji yakimwagika mfululizo, na upande wa pili hutoka singa zilizolowa, nyeupe zenye kijanikijani, kama nywele za mtu aliyetoka kuoga. Zinaanikwa juani kwenye nyaya mpaka zigeuke rangi ya maziwa, zinapelekwa kwenye brashi kung'arishwa katikati ya vumbi linalowasha koo, zinapangwa kwa daraja, 3L huku na UG kule, kisha zinashindiliwa kuwa robota la kilo 250. Katika uzito wa jani, singa ni asilimia 4 hivi tu. Maana yake ni kwamba robota moja linalotelemshwa bandarini limekula zaidi ya tani sita za majani, na kwamba tani sita zote zilizobaki, maji na machicha, zilimwagwa mtoni au zikarundikwa nyuma ya kiwanda zikichacha. Aliyepita barabara ya Korogwe siku korona zinafanya kazi anaijua harufu hiyo kabla hajaliona shamba.

Machicha hayo tuyaweke kando kwanza, tuangalie bei zilikotoka.

Mkonge haukuwa mmea wa hapa. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani iliyoitawala pwani hii kabla serikali ya Ujerumani haijaichukua, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, kwa kuwa Yucatán, kwao mkonge huko Mexico, walikuwa hawataki miche itoke. Safari kupitia Hamburg iliimaliza karibu yote. Miche 62 tu ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai na kupandwa Kikogwe, kusini ya Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga, ukafika Muheza 1896, Korogwe 1902 na Mombo 1905, na mashamba yakaifuata reli kama siafu wanavyofuatana njiani. Ilipofika 1913, kabla ya vita, koloni lilikuwa likisafirisha karibu tani 20,000 kwa mwaka. Niiombe hesabu hiyo ya 1913 isisahaulike, kwa sababu tutakutana nayo tena mahali pa aibu kidogo.

Zao hili lilitafutwa kwa sababu ya kamba. Mashine za kuvunia nafaka za Marekani, Kanada na Ulaya zilihitaji kamba nyembamba ya kufungia miganda, na baadaye mashine za kufunga nyasi za ng'ombe zikahitaji kamba ileile. Hivyo tangu mwanzo Tanga haikuwa ikimuuzia mtu kitu cha kula wala cha kuvaa. Ilimuuzia mkulima wa mbali kitu ambacho yeye hukikata kwa kisu na kukitupa mara robota lake la nyasi likifika zizini. Bidhaa ya namna hiyo haina mapenzi ya mnunuzi. Anayependa kahawa ya Kilimanjaro hunung'unika akipewa nyingine, lakini sijapata kusikia mtu akinung'unikia kamba.

Kisha zikaja vita mbili zilizoipandisha Tanga bila Tanga kufanya lolote. Ya kwanza ni Vita Kuu ya Pili: Wajapani walipoiteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, singa za manila za kule na mkonge wa Java na Sumatra vikatoweka sokoni, na Uingereza ikawa inanunua singa zote za Afrika Mashariki kwa bei iliyopangwa. Wenye mashamba walilalamikia bei hiyo kuwa ya chini, lakini walikuwa na uhakika wa kuuza kila robota. Ya pili ni vita ya Korea, iliyoanza 1950. Nchi kubwa zilianza kujaza maghala kwa hofu, na singa zikapanda bei kiasi ambacho mwanzoni mwa muongo ule mkonge peke yake ulikuwa ukileta karibu nusu ya thamani ya mauzo yote ya nje ya Tanganyika. Kahawa, pamba, almasi za Mwadui, ngozi na vingine vyote vikigawana nusu iliyobaki.

Hapo ndipo penye fundo la kisa chote. Bei ya Korea ilidumu miaka miwili hivi, lakini ilibadilisha mawazo ya watu kwa miaka kumi. Fedha ilikuwapo, mikopo ilikuwapo, na kituo cha utafiti cha Mlingano, karibu na Muheza, kilikuwa njiani kutoa chotara namba 11648, mkonge unaotoa majani mengi zaidi katika maisha yake kuliko ule wa kwanza wa Hindorf. Mashamba yakapanuliwa, mapya yakafunguliwa, korona zikaongezwa. Bei ilishuka baada ya 1952, ikatulia, ikapanda tena kuelekea 1963, na kila kupanda kulionekana kama uthibitisho kwamba walioendelea kupanda walikuwa na akili. Ukichukua kalenda ukarudi nyuma kutoka 1964 kwa kufuata umri wa mmea, utakuta kwamba majani yaliyokatwa mwaka ule yalitoka kwenye miche iliyopandwa katika miaka ya 1950. Tani zile 230,000 zilikuwa mavuno ya matumaini ya zamani. Zilikuja bandarini kuitafuta bei iliyokwisha kupita.

Walioikata hiyo mikonge hawakuwa na habari ya haya. Jirani yetu mmoja, marehemu sasa, alikuwa Mha aliyeletwa kutoka Kigoma akiwa kijana, katika lile kundi la vibarua wa mkataba walioitwa manamba. Nilipokuwa nikimwamkia shikamoo babu, alikuwa akiitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye viganja vyake, ambavyo vilikuwa na makovu madogo ya miiba ya ncha za majani. Alisimulia habari za fungu la majani thelathini, la kuhesabu, kukata ncha, kufunga na kupanga kwenye mstari ili mnyapara apite ahesabu. Alisimulia kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi ambazo zilipaswa kujazwa ndani ya siku 42, na mtu asipozijaza anajieleza. Bei ya singa London hakupata kuisikia hata siku moja, ingawa ndiyo iliyomtoa kwao. Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyoanzishwa 1944 na iliyopeleka mawakala wake Kigoma, Songea, Njombe na nje ya mipaka, na kazi ilipokuwa nyingi wafanyakazi wa mkonge walizidi laki moja. Nusu ya majina ya ukoo ninayoyasikia Muheza na Korogwe leo hayana asili ya Tanga, na wenyeji husema kwa mzaha kwamba wale walikuja leo wakasahau kuondoka leo.

Mwaka 1964 basi ukafika. Mkonge ulikuwa bado ukileta karibu theluthi ya fedha za mauzo ya nje ya Tanganyika. Nje, mambo matatu yalikuwa yakitokea kwa pamoja. Brazil ilikuwa imekwisha kupanda mkonge wake wa Bahia, ambao hukatwa na wakulima wadogo kwenye ardhi kavu kwa gharama ndogo. Mashine mpya za kuvuna zilizokata na kupura kwa mara moja ziliondoa kabisa haja ya kufunga miganda, zikabakiza kamba za nyasi tu. Na viwanda vya kemikali vilikuwa vimeanza kutoa kamba ya polipropilini, plastiki itokanayo na mafuta, ambayo haiozi, haitofautiani unene na inaweza kuzalishwa ndani ya wiki moja kwa kadiri soko linavyotaka. Mzalishaji wa plastiki akiona bei imepanda, anaongeza zamu ya usiku. Mzalishaji wa mkonge anaandaa kitalu.

Ilikuwa vigumu kushindana katika mbio za namna hiyo, na bei iliendelea kushuka karibu mpaka mwisho wa muongo. Mwaka 1967 nchi zinazozalisha zilikaa pamoja chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, zikapatana kugawana kiasi cha kuuza ili bei ishikwe isianguke zaidi. Mapatano ya hiari, yasiyo na askari wa kuyalinda, na mnunuzi alikuwa na plastiki mkononi.

Sasa nirudie jibu la kijiweni, kwa sababu nisingependa msomaji adhani ninaitetea serikali. Kutaifisha hakukuua bei, lakini kulibadilisha kilichotokea baada ya bei kufa. Shirika la umma lilirithi mashamba ambayo wenyewe, wakiona mambo yanavyokwenda, walikuwa wamekwisha kupunguza kupanda upya. Lilirithi pia korona zilizozeeka, ambazo vipuri vyake vilihitaji fedha za kigeni, na fedha hizo zilikuwa zikigawiwa na Benki Kuu kwa kila mwenye shida. Shilingi ilishikiliwa juu kuliko thamani yake, hivyo shamba lililouza robota kwa dola lilipewa shilingi chache, huku mishahara na dizeli vikipanda. Katika hali hiyo meneja yeyote, wa serikali au wa binafsi, hufanya jambo moja: anakata majani yaliyopo, hapandi mapya. Kwa mwaka mmoja hesabu zinapendeza. Kwa miaka kumi shamba linageuka kichaka chenye milingoti.

Ushahidi mkali wa jambo hili ulikuja mwaka 1973 na 1974, na nashangaa kwamba hautajwi mara nyingi. Bei ya mafuta ilipopaa, plastiki ikawa ghali, na singa zikaruka bei kwa namna ambayo haikuonekana tangu Korea. Ilikuwa ni bahati ya pili. Fedha zilizoingia nchini kwa mkonge ziliongezeka, lakini tani zilizidi kupungua, kwa sababu miche ambayo ingekatwa 1974 ilipaswa kuwa imepandwa kati ya 1968 na 1970, miaka ambayo bei ilikuwa mbaya kuliko zote na hakuna aliyekuwa na moyo wa kupanda. Mwaka 1964 nchi ilikuwa na majani bila bei; mwaka 1974 ilikuwa na bei bila majani. Mmea ni uleule, na umri wake ni uleule.

Wapo wanaosema dawa ilikuwa kuongeza thamani, kusokota kamba hapahapa badala ya kuuza singa. Viwanda vya kamba vilijengwa kweli, na kwa muda viliuza nje. Lakini kamba ndiyo hasa bidhaa ambayo plastiki ilikuja kuiondoa. Kumpelekea mnunuzi kamba iliyosokotwa Tanga badala ya singa za kusokota kwake kulihamisha faida ndogo ya usokotaji, hakukuongeza sababu hata moja ya yeye kuihitaji. Thamani iliyokuwa ikitupwa haikuwa kwenye zile asilimia 4. Ilikuwa kwenye yale machicha.

Ilichukua muda mrefu mtu kuyageukia. Hale, katika miaka ya 2000, ulijengwa mtambo wa biogesi unaolishwa mabaki ya korona na kuzalisha umeme, na wageni wengi walipelekwa kuuona. Kitaalamu jambo linawezekana: mabaki yapo, yanachacha yenyewe, na yako mahali pamoja. Ugumu ni ule wa siku zote, kwamba mtambo unahitaji majani mengi ya uhakika kila siku, na majani mengi ya uhakika ndiyo yaliyokuwa yamekosekana. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mashamba yalipouzwa kwa watu binafsi na Bodi ya Mkonge kuundwa kwa sheria ya 1997, uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa karibu tani 20,000. Ndiyo ile hesabu ya 1913 niliyoomba isisahaulike, chini ya moja ya kumi ya 1964.

Leo biashara ya nje ya Tanzania ina sura nyingine kabisa. Dhahabu imekaa mahali pa mkonge, ikileta zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka, na mkonge umewekwa kwenye kundi la bidhaa asilia pamoja na kahawa, pamba, chai, tumbaku, korosho na karafuu. Tanga yenyewe inazungumza zaidi juu ya bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Uganda linaloishia Chongoleani, na juu ya bandari iliyochimbwa kina mpaka mita 13 na kujengewa gati la mita 450, ili meli ifunge gatini badala ya kutia nanga mbali na kusubiri matishari kama zilivyokuwa zikifanya tangu enzi za Wajerumani. Jambo la ajabu ni kwamba katika miaka yote ya utajiri wa mkonge, kila robota lililopitia bandari ya Tanga lilipakiwa mara mbili, kwanza kwenye tishari na kisha melini, na gharama ya mara ya pili ilikatwa kwenye bei ya shamba.

Hata hivyo mkonge haujafa. China hununua kwa ajili ya kung'arishia vyuma na kazi nyingine za viwandani, Saudi Arabia huuchanganya kwenye jasi za dari, na hata hapa mjini fundi jipsamu hawezi kumaliza kona ya dari bila kipande cha katani ndoo yake ya unga mweupe ikiwa pembeni. Serikali iliutangaza kuwa zao la kimkakati na kuweka lengo la tani 120,000 ifikapo 2025. Tani zilizopatikana miaka ya karibuni zimekuwa karibu na nusu ya hizo. Sehemu ya tani hizo sasa zinatoka kwa wakulima wadogo, na kwao umri wa mmea umeongezewa tatizo la pili, foleni ya korona. Mkulima mmoja wa upande wa Korogwe alinionyesha tita la majani yaliyogeuka rangi ya kahawia kando ya barabara ya shamba. Aliyakata Jumatatu kwa kuwa aliambiwa zamu yake ni Jumanne. Mkanda wa mashine ukakatika, wakarudi kuiwasha Ijumaa. Gharama ya kukata alikwisha kulipa.

Nilimuuliza kama ataendelea. Alinipeleka nyuma ya nyumba kwenye ekari mbili alizopanda mwaka jana, miche ikiwa bado haijafika gotini, na katikati ya mistari alikuwa amepanda mahindi na kunde. Bei ya singa anaifuatilia kwenye simu, aliniambia, lakini hiyo ya leo ni ya mashamba ya wenzake waliopanda kabla yake. Kwa hilo shamba la nyuma ya nyumba, mpaka lianze kukatwa, hesabu anayoifanya ni ya mahindi.